Tusiwe Wachukuzi wa Mawe Yetu

Ukiwauliza vijana kumi wa Matulo wanataka kuwa nani watakapomaliza shule, utapata majibu ambayo umekwisha kuyasikia. Mmoja atataka udaktari, wa pili uwakili, wa tatu urubani kwa sababu kiwanja cha ndege ki jirani, wa nne upolisi, na waliobaki biashara. Kazi hizo zote ni njema, wala sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na jibu lisilopatikana. Sidhani kama hata mmoja katika kumi, au katika mia, atasema kwamba ataka kukaa mbele ya hadubini na kutaja, kwa hesabu isiyo ya kubahatisha, kila kitu kilichomo ndani ya kipande cha jiwe kilicho kidogo kuliko punje ya wimbi. Nasema kwamba upungufu huo si jambo dogo. Umetugharimu ukweli wa historia yetu, umetugharimu ardhi, umetugharimu fedha. Na utaendelea kutugharimu mpaka wewe msomaji, au mwenzako wa dawati moja, uamue kuuondoa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana haifai kugombania jambo lisilojulikana.

Mtu akiokota jiwe jekundu kando ya mto Nzoia, aweza kusema kwamba lina chuma. Pengine amepatia. Lakini lina chuma kiasi gani? Kimeungana na nini? Kimekaa katika sehemu gani ya jiwe? Jicho halina majibu ya maswali hayo. Mchambuzi wa madini hukata kipande cha jiwe, akakigandisha juu ya kioo, akakisugua mpaka unene wake ukabaki sehemu tatu katika mia za milimita moja. Hapo mwanga hupenya, na jiwe lililoonekana jeusi tupu hufunuka chini ya hadubini kuwa mkusanyiko wa fuwele za rangi na sura mbalimbali. Mwenye kuzijua huzitaja moja moja, kama mchungaji ataja ng'ombe wake.

Hatua ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alionyesha kwamba kila elementi ikipigwa kwa elektroni zenye nguvu hutoa eksirei zake yenyewe, zisizofanana na za elementi nyingine, kama vile kila mtu alivyo na sauti yake. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, umri wake miaka 27, lakini alilolionyesha halikufa naye. Mwaka 1951 Mfaransa Raimond Castaing alitoa tasnifu yake ya udaktari mjini Paris, akaeleza chombo kinacholenga mshale mwembamba wa elektroni juu ya jiwe lililosuguliwa likang'aa, kikasoma eksirei zinazotoka mahali pale pale palipolengwa. Upana wa mahali hapo ni kama sehemu moja katika elfu ya milimita. Chukua unywele wako mmoja: juu ya upana wake waweza kupanga vituo vya namna hiyo hamsini au zaidi, na kila kituo kikakupa hesabu yake.

Hesabu hiyo haimpendelei mtu. Mchambuzi hulinganisha eksirei za jiwe lake na za mawe mengine ambayo yaliyomo ndani yake yamekwisha kujulikana, kisha hujumlisha: silika kadhaa katika mia, chuma kadhaa, kalsiamu kadhaa. Jumla sharti iwe karibu na 100. Ikiwa imepungua sana, mzembe atasema chombo kimeharibika, na mdanganyifu ataongeza kidogo hapa na kidogo pale ili jumla ipendeze. Mjuzi atakumbuka kwamba chombo hiki hakiioni hidrojeni, na kwamba yako mawe yenye maji ndani yake, kama jasi, ambayo katika kila sehemu 100 ina maji yapata 21. Basi ataacha jumla yake ilivyo na kutafuta sababu. Ndiyo kusema kazi hii hudai subira, na zaidi ya subira hudai ukweli.

Sasa na tuyatazame madai yangu matatu. La kwanza ni historia.

Kutoka kwetu, mbingu zikiwa safi, twauona Mlima Elgon. Upande wa Kitale, ndani ya mbuga ya taifa, mna mapango makubwa. Kitum na Makingeny ndiyo yaliyosifika zaidi. Mwaka 1883 msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika Elgon, akaona mapango ya mlima ule na watu wakikaa ndani pamoja na ng'ombe wao. Thomson hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma jiolojia. Lakini alipotazama ukubwa wa mapango na kuta zilizochimbwa, hakuweza kuamini kwamba ni kazi ya watu aliowakuta. Akadhani ni kazi ya taifa la kale lililostaarabika, na fikira zake zikaenda mbali hata Misri.

Wachimbaji wenyewe ni nani? Ni ndovu. Usiku huingia katika giza la pango la Kitum, wakapapasa njia kwa mikonga, wakachokoa ukuta kwa pembe zao, wakasaga vipande kwa magego na kuvimeza. Watafiti walipochukua vipande vya kuta hizo na kuvichambua maabarani, wakaeleza kazi yao katika miaka ya 1990, walikuta chumvi za sodiamu, hasa salfati, ndani ya majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Majani ya mlimani yana sodiamu haba, na mnyama mkubwa hawezi kuishi bila hiyo. Wenyeji nao walijua siku nyingi kwamba jiwe lile lina munyu, wakawapa ng'ombe wao walambe. Ndovu na mchungaji walikuwa karibu na ukweli kuliko msafiri mwenye vitabu, kwa kuwa wao waliuonja ukuta, na yeye aliutazama tu. Wamisri wa Elgon walizaliwa kwa sababu hapakuwa na uchambuzi. Penye uchambuzi hawana mahali pa kukaa.

Msomaji, usidhani kwamba hadithi ya namna hiyo ilisimuliwa Elgon peke yake. Kwa miaka mingi kila kazi bora iliyoonekana katika Afrika ilitafutiwa mgeni wa kuifanya. Waliovunja hadithi hizo aghalabu hawakuzivunja kwa hotuba. Walizivunja kwa kuchunguza vitu vyenyewe. Huko Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliojua kufua chuma walijenga tanuri kwa namna ya babu zao. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery wakawa pamoja nao, wakapima moto, na baadaye wakachunguza chuma na mavi ya chuma chini ya hadubini, wakayalinganisha na yaliyofukuliwa ardhini. Mwaka 1978 walitangaza katika jarida la Science kwamba watu wa nchi ile walikuwa na ufundi mkubwa wa kufua chuma tangu miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita, na kwamba walipasha hewa moto kwa kuingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri. Wataalamu wengine walilipinga dai la hewa kupashwa moto, na ubishi ukaendelea. Na uendelee! Jambo la kupendeza ni kwamba ubishi huo ni wa mavi ya chuma na joto la tanuri, mambo yanayopimika. Si ubishi wa rangi ya mtu. Wahunzi wa Samia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nao walisifika kwa chuma chao kabla ya reli kufika Kisumu. Wangapi miongoni mwetu wamekwisha kuyaweka mavi ya chuma cha Samia chini ya hadubini? Wajukuu wa wahunzi tupo, lakini kazi ya kuwatolea babu zetu ushahidi tumewaachia wageni.

Dai langu la pili ni ardhi, na hapa sharti tuvuke tu mpaka wa jirani zetu wa Kakamega. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana huko, na mwaka uliofuata watafutaji wa kigeni walimiminika kama siafu. Wakati huo ilikuwako sheria ya mwaka 1930 iliyowaahidi wenyeji kwamba kipande cha ardhi yao kikichukuliwa, watapewa kipande kingine badala yake, na baraza lao litaulizwa kwanza. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo ikawa nzito kwa walioitoa. Serikali ya koloni ilimwita mjiolojia, Sir Albert Kitson, atoe taarifa juu ya dhahabu ile. Na mwishoni mwa 1932 sheria ikageuzwa, ardhi ya kuchimba ikawezekana kutwaliwa kwa fidia ya fedha, bila kurudisha ardhi kwa ardhi na bila kulingoja baraza la wenyeji.

Sisemi kwamba hadubini moja mikononi mwa mzee wa Kakamega ingaliizuia serikali ya koloni. Nguvu ilikuwa nguvu. Nasema kwamba katika shauri lile upande mmoja ulijua kilichomo ardhini, na upande wa pili ulijua tu kwamba ardhi ni yake. Waliofika na dhahabu imeandikwa katika taarifa walizungumza habari za wakia na tani. Waliofika na makaburi ya baba zao walizungumza habari za makaburi. Serikali ilisikiliza lugha iliyoielewa. Leo sheria ni nyingine na serikali ni yetu, walakini swali halijafa. Katika miaka hii habari za dhahabu ya Isulu na Bushiangala zimewarudisha watu wa Kakamega katika mikutano ya fidia na kuhamishwa. Katika mikutano hiyo nani anaielewa taarifa ya uchambuzi ikisomwa? Nani aweza kuuliza, "Sampuli hii ilichukuliwa wapi, na zilipimwa ngapi?" Mtu mmoja wa kijiji mwenye elimu hiyo ni msaada mkubwa kuliko wenye sauti kubwa mia.

Dai la tatu ni fedha. Mwaka 1967 mawe ya buluu yalipatikana Merelani, kaskazini ya Tanzania. Kulikuwa na waliodhani kwamba ni yakuti samawi. Uchambuzi ulionyesha kwamba ni zoisiti, madini yaliyojulikana tangu zamani, ila rangi ile nzuri, inayoletwa na vanadiamu kidogo sana ndani yake, ilikuwa mpya. Mwaka 1968 duka la vito la Tiffany la New York likayaita mawe hayo tanzanaiti na kuyatia sokoni. Serikali ya Tanzania yamtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye aliyeyagundua. Na zawadi ya shilingi milioni 100 aliipata kwa Rais Magufuli mwaka 2018, naye ni mzee aliyebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi. Jiwe lilipata jina la biashara kwa muda wa mwaka mmoja. Mwenye kuliona alingoja miaka hamsini na moja.

Au watazame wachimbaji wa koltani katika Kivu, mashariki ya Kongo. Ni mawe meusi, mazito, na ndani yake mna tantalamu inayotumika katika simu na kompyuta. Bei ya mzigo hutegemea tantalamu iliyomo katika kila sehemu mia. Mnunuzi mkubwa ana namna ya kuipima. Mchimbaji ana sururu na gunia. Basi mchimbaji auza kitu asichokijua kwa mtu akijuaye. Ni sawasawa na mtu asiyejua kusoma kutia kidole gumba katika hati ya shamba lake. Kadhalika wataalamu wa ofisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, mjini Hannover, wamebuni njia ya kuitambua asili ya koltani: huchambua punje moja moja, wakazilinganisha na punje walizokusanya migodini, wakajua kama mzigo unaosemwa umetoka mgodi fulani umetoka huko kweli au la. Kazi hiyo ni njema, maana husaidia kuzuia mali ya vita isiuzwe kwa jina la mali ya amani. Lakini fikiri: daftari la alama za vidole vya mawe ya Kivu lilianza kuandikwa Hannover. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali tunayo, na daftari analo mwingine.

Wapo watakaoniambia kwamba kusoma mawe si kazi ya maisha, ni mchezo wa wenye nafasi. Na wajibiwe kwa mifano. Max Hey alifanya kazi miaka mingi katika idara ya madini ya jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, akichambua kwa njia za kemia vipande ambavyo wengine wangalivipuliza kama vumbi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimewaka, yeye na mwenzake Bannister walikuwa na lava iliyotoka Mafuru, kusini-magharibi ya Uganda. Ndani yake walikuta madini ambayo hayajapata kuandikwa popote, wakayaita kalsiliti, kwa herufi za potasiamu, alumini na silika iliyomo. Mfini Oleg von Knorring, wa Chuo Kikuu cha Leeds, aliyatumia maisha yake kwa madini ya Afrika. Katika mawe ya kilima cha Wampewo, Busiro, nchini Uganda, yalipatikana madini ambayo yeye na mwenzake waliyaeleza mwaka 1963 na kuyaita waylanditi, kwa jina la Edward Wayland aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda zama za ukoloni. Von Knorring mwenyewe naye akapewa heshima: mwaka 1968 madini yaliyopatikana Lesotho yaliitwa knorringiti.

Mwaka 1960 Barry Dawson, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, alishuka katika kasoko ya Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Aliona kitu cheusi kikitiririka kama tope. Kwa sura kilikuwa tope. Kilipochambuliwa, kilikuwa lava ya kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, jamaa wa magadi, ambayo leo hapana volkano nyingine inayojulikana duniani inayoitapika. Dawson aliitangaza habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1962. Madini makubwa yaliyomo katika lava hiyo yakapewa jina la nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Twajivunia jina hilo, na ni haki yetu. Lakini hesabu tena majina niliyoyataja: Hey, Bannister, von Knorring, Dawson. Mawe ni ya kwetu. Wasomaji wa mawe walitoka kwingine. Siwalaumu, walifanya kazi ambayo hapana aliyewazuia kuifanya, na hapana kati yetu aliyepewa nafasi ya kuifanya. Wakati ule nafasi ilifungwa. Leo mlango u wazi, na aliyesimama nje ni mvivu au ni mtu ambaye hakuambiwa. Mimi nakuambia.

Mpinzani wa pili atasema: "Mbona Saniniu Laizer alitajirika bila hadubini?" Ni kweli kwamba mwaka 2020 mchimbaji huyo wa Merelani aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7. Namfurahia kwa moyo wote. Lakini mawe yale yalikuwa na thamani hiyo kwa sababu miaka hamsini na zaidi kabla yake mtu alikwisha kuonyesha kwamba buluu ya Merelani si yakuti wala si kioo. Tena, kwa Laizer mmoja wako wachimbaji wengi ambao hawatapata kitu isipokuwa kikohozi cha vumbi. Asiyejenga nyumba kwa sababu jirani yake aliokota nyumba, atalala nje.

Mpinzani wa tatu ana hoja nzito zaidi: vyombo ni ghali. Chombo cha namna ya Castaing chauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Sikatai. Walakini Kenya, Uganda na Tanzania zinagawana ziwa moja. Zashindwaje kugawana chombo kimoja na kukitunza? Ziko idara za jiolojia katika vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam. Iko ofisi ya serikali ya jiolojia Dodoma. Iko Madini House katika barabara ya Machakos, Nairobi. Hatuanzi jangwani. Tena sampuli yaweza kusafirishwa kwa posta hata mwisho wa dunia na majibu yakarudi. Kitu kisichonunuliwa ni swali. Mtu wa mbali hatauliza swali la Matulo. Sharti liulizwe na mtu aliyelala njaa kwa sababu ya shamba la Matulo.

Hapo ndipo namjibu wa nne, asemaye kwamba kwetu hakuna madini, kuna mahindi na miwa tu. Ndugu yangu, mahindi yala nini? Udongo ni mawe yaliyovunjika. Mashamba mengi ya Bungoma na Trans Nzoia yana asidi nyingi. Katika udongo wa namna hiyo alumini huyeyuka na kuichoma mizizi, na fosforasi hushikwa na chuma na alumini, mmea usiipate. Mkulima aongeza mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka, na mbolea hiyo hiyo, ikitumiwa bila kupima, huzidisha asidi. Mavuno yakipungua hulaumu mbegu, kisha mvua, kisha jirani. Pengine dawa yake ilikuwa chokaa ya kilimo, iliyo rahisi kuliko mbolea. Kipimo cha gunia moja la udongo kingalimwokolea magunia ya mahindi.

Au likumbuke jambo la mabati ya Webuye. Tangu miaka ya 1970 hata kilipofungwa mwaka 2009, kiwanda cha karatasi kilikuwa uhai wa mji ule, na katika miaka hiyo wakazi walinung'unika kwamba moshi wala mabati ya nyumba zao. Sikai hapa kumhukumu mtu. Nasema tu kwamba ganda moja la kutu, likiwekwa chini ya mshale wa elektroni, hutaja lenyewe kama lina salfa au klorini, na kiasi gani. Kunung'unika kwaweza kudharauliwa; hesabu haidharauliki kwa urahisi. Watu walikuwa na malalamiko mengi na uchambuzi haba. Ndiyo maana malalamiko yaliweza kugeuka upepo.

Lawama haiwaangukii vijana peke yao. Ziko shule zenye hadubini nzuri iliyofungiwa kabatini mwaka mzima, itolewe siku ya mkaguzi na siku ya mtihani. Mwalimu aogopa itavunjika. Hadubini iliyovunjika mikononi mwa mwanafunzi imekwisha kufanya kazi; iliyo nzima kabatini haijafanya kitu. Wazazi nao humwuliza mtoto kazi gani italeta gari upesi, wala hawamwulizi kazi gani itaifaa nchi na kumlisha pia. Na serikali zetu hutia sahihi mikataba ya madini kwa sherehe na ngoma, huku maabara zikingojea bajeti ya mwaka ujao. Penye miti hapana wajenzi: methali hiyo tumeirithi kama onyo, nasi twaishi kana kwamba ni amri.

Basi wewe msomaji, mvulana au msichana, fanya nini? Usingoje Hannover wala Paris. Lenzi ya mkono ikuzayo mara kumi haina bei ya kutisha; shule ikiwa nayo moja, darasa zima laweza kujifunza. Okota jiwe kando ya maporomoko ya Nabuyole, andika siku na mahali ulipoliokota, maana jiwe lisilojulikana limetoka wapi lina faida ndogo sana kwa elimu. Livunje, utazame sura mpya ambayo jua halijaipiga. Chora unachokiona, si unachodhani kimo. Jifunze kemia yako vizuri, na hesabu yako vizuri zaidi, kwa sababu mchambuzi asiyejua hesabu ni mpiga ramli mwenye chombo cha ghali. Kisha, wakati wa kujaza fomu ya chuo kikuu ukifika, usiipite jiolojia na kemia kwa haraka ukitafuta kazi zenye majina makubwa.

Watu wengi wa nchi hizi walibeba mizigo ya wasafiri katika karne ya kumi na tisa, wakafika mbali, wakafa wengi, bila kuambiwa ndani ya masanduku mna nini. Hawakuwa na la kufanya. Sisi tunaobeba dhahabu, koltani, vito, hata udongo wa mashamba yetu wenyewe bila kujua ndani yake mna nini, tuna la kufanya, na halikufanywa. Mzigo ni wetu. Yatupasa kuutua, kuufungua, na kusoma kilichomo.